Sura ya Tisa: Kijiko Ndani ya Glasi

Kijiko kilikuwa kinalia ndani ya glasi.

Kulikuwa bado giza. Kililia kidogo kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha, na Inspekta akafumbua macho akaitazama meza iliyo kando ya kitanda. Glasi ilikuwa mahali pake. Mume wake humwekea kila usiku, maji na kijiko, ili akiamka asihangaike kutafuta cha kukorogea dawa yake ya tumbo. Mume mwenyewe alikuwa amelala fofofo, mkono mmoja nje ya shuka.

Inspekta alimjua mgomvi wake. Akajitupia koti, akatoka mpaka kwenye uzio. Basi la jirani lilikuwa limesimama pale, injini inanguruma, na dereva amekaa kwenye ngazi ya mlango anavua viatu.

"Jirani, zima hilo dubwana. Kijiko changu kinacheza ngoma huko ndani."

"Samahani, Mama Inspekta. Amepanda mlima na abiria wamejaa mpaka kwenye madirisha. Mwache apumue kwanza, kisha namzima."

"Basi linapumua?"

"Kuliko mimi."

Dereva aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Aliporidhika alinyoosha mkono akaizima. Kimya kikaanguka juu ya mtaa mzima.

"Lala salama, mama."

"Nilale wapi tena? Kumekucha."

Alirudi ndani akanywa dawa yake. Alikuwa na sababu ya kukosa usingizi hata bila basi. Kabla ofisi ya mwendesha mashtaka haijafungwa siku hiyo, jalada la Cheche lilitakiwa liwe limefika mezani, na jalada hilo lilisema Cheche ni muuaji.

Aliyekufa alikuwa mwalimu wa fizikia ambaye kila mtu alimwita Kishada, kwa kuwa tangu utoto hakuonekana bila kishada angani. Alipokuwa mtu mzima alijenga ndege kwa mikono yake mwenyewe, kwenye banda lililo ubavuni mwa nyumba ya mama yake shambani. Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, ndiye aliyemshikia kila bomba na kila nati. Wiki iliyopita ndege iliruka kama kila wiki, ikapita juu ya uzio ikitoa moshi wa buluu, ikanyamaza, ikaangukia kwenye mawe yaliyo mwisho wa uwanja.

Mjane wa Kishada alikuwa amewaambia polisi maneno mawili tu ya maana. Kwanza, Cheche alibadilisha oili ya ndege siku moja kabla. Pili, siku chache kabla ya hapo alimsikia Cheche akifoka bandani: "Ipo siku hiyo ndege itakuua, na mimi sitakuwa na la kusema."

Mkuu wa kituo aliona hayo yanatosha. Cheche mwenyewe, tangu akamatwe, hakusema neno.

*

Karakana ya uchunguzi ilikuwa chumba kirefu nyuma ya kituo, chenye harufu ya mafuta ya taa na sabuni ya unga. Mtaalamu wa mitambo, mwanamke mrefu ambaye polisi wote humwita Daktari wa Vyuma, alikuwa ametandika shuka jeupe juu ya meza na kupanga vipande vya injini juu yake. Hakuna aliyemwagiza kutandika shuka. Alikuwa akisema vitu vya marehemu haviwekwi juu ya meza tupu.

"Nianzie wapi, afande?"

"Anzia pale ambapo hata Sajini ataelewa," Inspekta alisema.

"Nimesikia," Sajini alisema mlangoni. Alikuwa mtu mpana, mwenye karanga mfukoni saa zote. "Mimi nimekuja kama dereva tu."

"Basi dereva asogee, mambo ni ya injini." Daktari wa Vyuma aligusa sanduku la chuma. "Hii ni injini ya rota. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani kuna kipande cha pembe tatu kinachozunguka tu, zunguka zunguka, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Ni nyepesi na ina nguvu, ndiyo maana wanaojijengea ndege wanaipenda. Ubaya wake, moshi wake hutoka na moto mkali kuliko wa injini nyingine. Na hii hapa ni turbo."

Turbo ilikuwa na umbo la konokono, kubwa kama kichwa cha mtoto.

"Moshi ukitoka unazungusha feni ya upande huu, upande wa moto. Feni hiyo ina mwenzake upande wa pili, zimeungwa na fimbo moja ya chuma, shafti. Mwenzake anasukuma hewa kuingia kwenye injini, injini inapata nguvu ya ziada. Uwanja wake ulikuwa mfupi, na mwisho wake mawe. Bila turbo asingeinuka."

"Na imekufaje?"

Alishika shafti kwa vidole viwili akaiinua. Ilikuwa vipande viwili.

"Mwanzo nilidhani injini ndiyo iliyomuua mwenzake. Rota ina vipande vya kuziba kwenye ncha zake, na kimoja kikivunjika hurushwa na moshi moja kwa moja kwenye feni. Wajenzi wengi wameumia hivyo. Lakini tazama feni ya upande wa moto." Aliizungusha chini ya taa. "Haina hata kovu. Turbo haikupigwa na kitu. Imekufa yenyewe, kwanza, kisha ikaiangusha injini."

"Mkuu anasema Cheche alilikata bomba la oili."

"Mkuu aje aone. Bomba limekatika chini, kwenye mawe. Pale lilipokatika panang'aa, na ndani limejaa udongo. Nati za pande zote zimekazwa. Fundi alizipiga mstari wa rangi nyekundu baada ya kuzikaza, ili zikilegea ajue. Mistari haijasogea hata unywele. Huyo alikuwa fundi anayependa mtu wake."

Inspekta aliinama akaitazama mistari. Hilo alilitia moyoni.

"Oili mpya ilifika mlangoni," Daktari wa Vyuma aliendelea, "ila ilikuta mlango umezibwa, shafti ikazunguka kavu mpaka ikakatika." Alichukua waya mwembamba akauchomeka kwenye tundu lililo kwenye kitovu cha turbo. Waya uligoma. Akageuza nusu ya pili ya kitovu hicho, ambayo alikuwa ameipasua kwa msumeno. Ndani palikuwa peusi, pamegandamana kama chini ya sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Sajini aliacha kutafuna. "Kuna mtu ametia lami."

"Haikutiwa, imepikwa. Tabaka juu ya tabaka. Hii si kazi ya siku moja, ni ya miezi. Na fundi asingeiona bila kuifungua turbo yote."

"Oili inapikwaje?" Inspekta aliuliza.

"Ukizima injini ikiwa bado moto. Ukizima, pampu ya oili inasimama hapo hapo, na turbo bado nyekundu kama kaa la moto. Oili iliyobaki ndani inaungua. Ukirudia kesho, inaungua nyingine juu yake. Dawa yake ni ndogo mno. Ukishatua unaiacha ingurume taratibu kidogo, oili inapita, turbo inapoa, ndipo unazima."

Inspekta alisikia kijiko kikilia kichwani mwake.

"Unamwacha apumue kwanza," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Jirani yangu. Nimemfokea miaka yote hii."

Daktari wa Vyuma alicheka kidogo, kisha uso wake ukarudi ulivyokuwa. Alivuta kipande cha bati kutoka mwisho wa meza, kilichokuwa mbele ya kiti cha rubani. Kilikuwa kimeandikwa kwa rangi, kwa mwandiko wa mwalimu: PUMZISHA KABLA YA KUZIMA.

"Alijua," Inspekta alisema.

"Alijua kuliko mimi. Ndiyo maana sikulala jana. Mtu anaandika onyo kwa mkono wake, analiweka mbele ya macho yake, halafu anakaa miezi analipuuza. Mwenye haraka hafanyi hivyo kila siku. Mjinga hajengi ndege. Sasa ni nani aliyemfanya azime?"

*

Cheche alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, koti la Sajini mabegani. Sajini alidai amelisahau humo. Lilikuwa limesahauliwa tangu siku ya kwanza, siku ile ya baridi.

Inspekta alifungua chupa yake ya chai akamimina kwenye kifuniko.

"Ya kunifungua mdomo?" Cheche aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Ni ya moto tu. Kunywa."

Alikunywa. Mikono yake ilikuwa na madoa ya kuungua mpaka viwikoni, madogo madogo.

"Nimetoka kuiona turbo," Inspekta alisema. "Nimeona mistari yako myekundu. Hukumuua."

Cheche alitazama chai.

"Alikuwa anazima injini moto. Ndiyo maana ulimwambia ndege itamuua. Ulikuwa unamwonya."

Cheche alikizungusha kifuniko cha chai mikononi.

"Cheche, leo jioni jalada linaondoka. Likishaondoka, mimi sina tena mkono wa kukufikia."

"Najua, afande."

"Sasa unamficha nani?"

"Simfichi mtu." Alivuta koti la Sajini karibu na shingo. "Namkinga. Mama yake Kishada ni mama yangu pia. Mama yangu wa kunizaa alikuwa akichelewa kazini, mimi nilikula kwake. Mpaka leo hajaambiwa kwamba mwanawe amekufa. Akiambiwa atalia, atapona. Lakini akiambiwa amekufa kwa sababu yake, hataamka tena kitandani. Mimi nina mgongo wa kubeba jela, afande. Yeye hana."

Sajini, aliyekuwa mlangoni, alikohoa akageuka kutazama ukuta.

"Kwa sababu yake kivipi?" Inspekta aliuliza kwa sauti ya chini.

Cheche alijibu kama mtu anayetua mzigo.

"Banda limegusana na chumba cha mama. Mama hasikii, masikio yake yalikufa zamani. Lakini kaka mkubwa, huyo anayeishi naye, alimwambia Kishada kwamba mtetemo unamuumiza. Ndege ikinguruma bandani, kitanda kinatetemeka, mama anashika kichwa analia. Kishada alitaka kumuuliza. Kaka akamwambia asithubutu. Unamjua mama, akasema, hakubali kuwa anaumwa. Ukimuuliza atakataa, na atajilazimisha kuvumilia kwa ajili yako."

"Kishada akaamini."

"Ungemkatalia vipi kaka yako mkubwa anayemwogesha mama yako? Tangu siku ile, magurudumu yakigusa ardhi tu, anazima. Tunaisukuma kwa mikono mpaka bandani, yeye mbele, mimi nyuma. Nikamwambia tuipumzishe kule mbali, mwisho wa uwanja. Akasema kaka amesema hata kule ardhi inatetemeka. Hapo ndipo nilipofoka." Alirudisha kifuniko cha chai kwa mikono miwili. "Akanijibu, kati yako na mama nimsikilize nani? Ningemwambia nini hapo, afande?"

*

Barabara ya shambani ilipanda mlima mmoja mrefu. Sajini aliendesha bila karanga, jambo lililomfanya Inspekta amtazame mara mbili.

"Basi ni bahati mbaya, afande," alisema mwishowe. "Mkubwa kamhurumia mama. Mdogo kamhurumia mama. Huruma mbili zimegongana."

"Labda."

"Hiyo labda yako naijua."

"Mtu akikupa habari kisha akakuomba usiulize, mimi huuliza. Huyo kaka ulizungumza naye jana kwa simu. Alisemaje?"

"Analia tu. Nilipomuuliza kuhusu ndege akasema yeye ni mkulima, injini ni giza tupu kwake. Anajua jembe."

"Na mjane alisema nini kuhusu yale mawe?"

Sajini alifikiri. "Kwamba wachimba kokoto walitaka kununua shamba lote, mwaka jana. Kaka akakubali. Kishada akakataa, akasema uwanja wake je, na mama atahamia wapi. Lakini wakayamaliza. Kaka hakulitaja tena."

"Hakulitaja tena," Inspekta alirudia, na gari likaingia uani.

Nyumba ilikuwa ya bati, safi, imefagiliwa. Banda lilikuwa wazi na tupu. Kulikuwa bado na alama za viatu vya watu wawili kwenye vumbi, mmoja mbele na mmoja nyuma, walivyokuwa wakisukuma. Uwanja ulikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mawe. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka huko, na mlango wa banda uligonga, ukatulia, ukagonga tena.

Kaka mkubwa hakuwepo. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mto, dirishani. Inspekta alimtazama vizuri kabla ya kumgusa, kama alivyozoea. Nywele zilikuwa zimechanwa na kusukwa vizuri. Kucha zilikatwa. Soksi za miguuni zilikuwa zimeshonwa kisigino kwa uzi wa rangi ile ile. Mtu anayemtunza bibi huyu anampenda, hilo halikuwa na ubishi, na ndilo lililomtia Inspekta baridi.

Kwenye ukingo wa dirisha palikuwa na glasi ya maji, na ndani yake kijiko.

Mama aliona kivuli, akageuka, akatabasamu, akanyoosha kiganja. Inspekta alipoonekana kutoelewa, mama alimshika kidole akakiweka katikati ya kiganja.

"Andika hapa, mwanangu. Polepole. Masikio yamenitoroka lakini kusoma najua."

Inspekta aliandika, herufi baada ya herufi: SHIKAMOO.

"Marahaba. Karibu. Unatoka kwa mwanangu? Huyu mdogo?" Alimchungulia usoni. "Hajaja siku nyingi. Kaka yake anasema amekwenda kwenye semina ya walimu. Semina gani haina siku ya kupumzika?"

Kidole cha Inspekta kilibaki kwenye kiganja bila kuandika. Mama hakungoja. Alikuwa na hamu ya kuongea, kama watu wanaokaa peke yao mchana kutwa.

"Ana ndege. Aliijenga mwenyewe, hapo nyuma ya ukuta. Wewe ungeisikia kwa sikio. Mimi namsikia kwa hii." Aliizungushia glasi mikono yote miwili. "Alikuwa akirudi anakaa nayo bandani, inanguruma polepole, na kijiko kinacheza. Nilikuwa naweka mikono hivi. Kama kumshika paka aliyeshiba. Hapo ndipo navua kitambaa hiki kibovu, najifunga kile cha maua, akiingia anikute nimependeza. Siku hizi anaikata ghafla. Kijiko hakichezi. Ananikuta hivi hivi, kama jini." Alicheka, kisha akaacha. "Nilidhani nimemuudhi."

Inspekta alivuta kiganja cha mama karibu. Aliandika taratibu, akitaka kila herufi isomeke: NDEGE IKITETEMA KICHWA KINAUMA?

Mama alisoma, akarudia kwa midomo, akakunja uso.

"Kiniume kwa nini? Nani kasema? Kichwa changu ni kigumu kama jiwe, muulize baba yao huko aliko. Nilitaka kumwambia mwenyewe aiache icheze kama zamani. Kaka yake akanikataza. Akaniandikia hapa hapa kwenye mkono. Usimuulize, mama, utamtia aibu, siku hizi hana pesa za mafuta."

Sajini alikuwa mlangoni. Inspekta aligeuka wakatazamana. Kaka alimwambia mdogo asimuulize mama. Alimwambia mama asimuulize mdogo. Alisimama katikati yao, akafunga mlango pande zote mbili.

"Uongo huo," Sajini alisema kwa sauti ya chini, "mwenye huruma hauhitaji."

"Bado. Labda alichoka tu na kelele akamsingizia mama. Wakili wake atasema hakujua kwamba kuzima kunaua. Mkulima. Injini ni giza tupu."

Ndipo kijiko kilipoanza kucheza.

Kilianza polepole, kikagonga ukingo wa glasi, kikagonga tena. Maji yalijaa viduara. Mama aliinua kichwa. Uso wake ulifunguka wote kwa mara moja, ukawa wa msichana.

"Amekuja," alisema, na mikono yake ikapanda kichwani kutafuta kitambaa.

Inspekta alitazama nje. Lori kuukuu lilikuwa limeegeshwa chini kabisa ya dirisha, limebeba majani ya ng'ombe mpaka juu. Mwanamume mwenye mvi aliteremka. Hakuizima injini. Alisimama karibu na boneti, akainamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza. Inspekta alikuwa ameiona shingo ikiinama vile vile asubuhi hiyo hiyo, kwenye uzio wa nyumba yake.

Mwanamume aliingia na mfuko wa machungwa, akavua viatu mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu kweli.

"Karibuni, afande. Ningejua mnakuja ningewahi." Alimwendea mama yake kwanza, akamtengeneza mto mgongoni. "Ana njaa huyu, hasemi tu."

"Umeacha lori linanguruma," Inspekta alisema.

"Liache kidogo. Limepanda ule mlima na mzigo. Lile lina turbo, ukilizima moto moto unaliua."

Alisema hivyo akimenya chungwa, kama mtu anavyosema funga mlango mbu wasiingie. Ganda lilikuwa likishuka kwa mzunguko mmoja mrefu. Kisha likakatika.

Kijiko kilicheza. Mama alikuwa ameikumbatia glasi, amefumba macho, anatabasamu.

Kaka mkubwa aliitazama glasi. Akaitazama mikono ya mama yake. Inspekta aliona jinsi alivyoelewa, kidogo kidogo, kuanzia vidole vilivyoshika kisu mpaka usoni.

"Nani alikufundisha hilo la turbo?"

"Kila..." Aliligeuza chungwa mkononi. "Zamani niliendesha malori. Kabla mgongo haujaharibika."

"Jana ulimwambia Sajini injini ni giza tupu kwako."

"Nilikuwa na msiba, afande."

"Ulikuwa nao. Na mama yako hawezi kuvumilia mtetemo, kwa hiyo unaegesha chini ya dirisha lake."

Mwanamume aliweka chungwa kwenye sahani, akaligawa, akatoa mbegu moja moja, akamwekea mama yake pembeni ya glasi. Alizimaliza mbegu zote.

"Nilisema ataacha tu," alisema bila kumtazama mtu. "Nilijua itaharibika. Nilisema itaharibikia chini, ardhini, atachoka nayo, ataacha kuruka. Kisha tungeuza tukampeleka mama mjini, karibu na hospitali. Nilisema itaharibikia chini."

"Ulimwona akiruka nayo kila wiki."

Alikifuta kisu kwenye suruali.

"Kila wiki ulimwona," Inspekta alisema tena, "na kila wiki ulinyamaza."

Mwanamume alisimama aende nje kulizima lori, kwa mazoea au kwa kutaka kutoka humo ndani. Inspekta alimwekea mkono kifuani.

"Usilizime. Mwache mama amalize."

Walikaa hivyo wote wanne, mama peke yake akiwa na furaha, mpaka Inspekta alipomwashiria Sajini. Sajini alimshika mwanamume kiwiko, si kwa nguvu, akamwachia avae viatu vyake. Huko nje injini ilizimwa. Kijiko kiligonga mara ya mwisho, kikatulia.

Inspekta alisogea akasimama dirishani, mgongo wake ukiziba gari la polisi. Alipiga simu kituoni akasema jalada la Cheche lisiondoke, na Cheche afunguliwe, na aachiwe lile koti. Kisha akampigia mjane. Alimwambia aje akae na mama mkwe wake, leo hii, na aje na nguo za siku nyingi.

Alipogeuka, mama alikuwa ameshajifunga kitambaa cha maua. Alikuwa anautazama mlango.

"Mbona haingii?"

Inspekta alipiga magoti mbele ya kiti. Alikishika kile kiganja, akaweka kidole katikati yake, na kidole kikakataa tena kutembea. Alijua kwamba habari hiyo haikuwa ya kuandikwa na mgeni. Aliandika tu: MKWE WAKO ANAKUJA.

Mama alisoma. Tabasamu halikutoka, lakini lilipoa, na akaanza kumchunguza Inspekta usoni, jicho moja kisha la pili, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Alikifunga kidole cha Inspekta ndani ya ngumi yake, akakishikilia.

"Wewe ni mtu mzuri. Unaandika polepole," alisema. "Utakuja tena, mwanangu? Njoo tena. Na ukija uje na gari lenye kishindo, uliache hapo dirishani kidogo kabla hujalizima. Nijue kuna mtu anakuja."